Namna ya Kuwa Mtangazaji wa Mieleka ya Kulipwa: Mwongozo Kamili

Ukumbi umejaa watu elfu kumi na tano, wanapiga kelele mpaka paa linatetemeka, na hakuna hata mmoja kati yao anayekusikia. Sauti ya mtangazaji wa mieleka haitoki kwenye spika za ukumbini. Inapita kwenye waya, inaingia kwenye gari la matangazo, inamfikia mtu aliyekaa nyumbani mbele ya runinga au simu. Waliomo ukumbini wana macho yao na kelele za wenzao. Aliye nyumbani ana wewe tu.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaotamani kazi hii hudhani ni kazi ya kupaza sauti. Kazi yenyewe ni kumuuza mwanamieleka. Mtu aliyewasha runinga sasa hivi hamjui huyu mwenye kaptula nyekundu, hajui kwa nini anamchukia yule mwenye koti refu, wala hajui goti lile limefungwa bandeji kwa sababu gani. Ukimaliza kazi yako vizuri atakumbuka jina la mwanamieleka, na huenda lako asilijue. Kama hilo linakukera, bora ulijue mapema, maana kila hatua iliyoko hapa chini inalirudia.

Hatua ya 1: Chagua kiti chako mezani

Mezani hukaa watu wawili, mara nyingine watatu. Wa kwanza ni mtangazaji mkuu: yeye ndiye anayefungua kipindi, anayefuata kinachotendeka ulingoni, anayekumbusha sheria, anayepeleka watu kwenye matangazo ya biashara na kuwarudisha. Wa pili ni mchambuzi, anayeeleza kwa nini jambo limetokea na linauma vipi. Kuna pia mpiga mbiu, yule anayesimama katikati ya ulingo na kutaja majina na uzito. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na yeye ndiye ukumbi unaomsikia.

Kwenye mpira mchambuzi hutarajiwa kuwa wa haki. Kwenye mieleka anaweza kuwa upande wa adui, na hapo ndipo utamu wa meza ulipo. Onyesho la kwanza la WrestleMania, tamasha kubwa la kila mwaka la kampuni ya Marekani ya WWE (enzi hizo WWF), Machi 31, 1985, lilitangazwa na Gorilla Monsoon akiwa na Jesse Ventura, mwanamieleka wa zamani aliyewatetea wabaya bila haya, na ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Minnesota. Baadaye Monsoon alikaa kwa miaka na Bobby Heenan, naye alikuwa mbaya zaidi. Adui akimvuta mwenzake nywele nyuma ya mgongo wa refa, Monsoon alilalamika, Heenan aliapa kwamba hakuona kitu. Mtazamaji alimkasirikia Heenan, na hasira ile ikamfikia adui aliye ulingoni. Wawili wale walikuwa wanabishana kwa faida ya mtu wa tatu.

Ushauri wangu ni mfupi. Kama hujawahi kupigana mieleka, lenga kiti cha mtangazaji mkuu. Kiti cha mchambuzi kwa kawaida hupewa waliowahi kuingia ulingoni. Corey Graves, kwa mfano, alihamia mezani baada ya madhara ya kugongwa kichwa kumlazimisha kuacha kupigana mwaka 2014. Wapo waliokuja kutoka nje, kama Pat McAfee aliyekuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani, ila yeye aliingia akiwa tayari na jina na mdomo mwepesi.

Hatua ya 2: Itazame mieleka kama fundi

Shabiki huangalia nani kashinda. Wewe angalia kinavyojengwa. Chukua mechi moja ya dakika 15, itazame mara tatu. Mara ya kwanza andika kiungo gani kinashambuliwa: mgongo, goti, bega? Mara ya pili sahau wapiganaji, sikiliza ukumbi, andika dakika ambazo watu waliamka na dakika walizonyamaza. Mara ya tatu fuata nyuso tu.

Utaanza kuona mfumo. Steringi anang'ara mwanzoni. Adui anaiba nafasi kwa hila. Steringi anateswa muda mrefu, anainuka kidogo, anakatwa tena, kisha anafufuka kwelikweli na ukumbi unafufuka naye. Kwenye mechi ya wawili wawili mateso yale yanafanyika mbali na kona ya mwenzake anayengoja kuguswa mkono ili aingie, ndiyo maana mkono ule unapoguswa hatimaye watu huruka vitini. Ukijua upo kwenye kipande gani cha hadithi, hutapoteza sauti yako kubwa kwenye dakika ya pili.

Jifunze na mitindo. Mieleka ya Meksiko, lucha libre, ina kasi yake na heshima yake kwa barakoa. Huko kwenye mechi za timu mtu akitoka nje ya ulingo mwenzake anaweza kuingia bila kuguswa mkono. Ya Kijapani hubeba uzito wa michezo halisi, na katika New Japan Pro-Wrestling refa huhesabu mpaka 20 mtu akiwa nje, wakati WWE huhesabu mpaka 10. Mtangazaji asiyejua tofauti hiyo atapiga kelele za hatari wakati bado kuna nusu ya hesabu.

Halafu yapo majina ya mbinu. Hapa watu hugawanyika. Excalibur, mtangazaji wa AEW, kampuni nyingine ya Marekani, aliyeanza kama mwanamieleka wa barakoa kwenye maonyesho madogo, anaweza kutaja mbinu tano ndani ya sekunde kumi, nyingine kwa majina ya Kijapani, na mashabiki wake wanampenda kwa hilo. Jim Ross, mtangazaji wa WWE kwa miaka mingi, alikuwa na njia nyingine: alitaja chache na akakueleza maumivu. Mimi nipo karibu na Ross. Jina la mbinu lina faida pale mtu anapolitambua au pale linapokuwa silaha ya mwisho ya mwanamieleka huyo. Vinginevyo unasoma kamusi hewani.

Na kama unatangaza kwa Kiswahili, usikimbilie maneno ya kuazima kwa kila kitu. Lugha ina maneno ya ugomvi ya kutosha. Mtu kapigwa mtama, kapigwa ngwala, kachotwa miguu. Kakabwa kabali, kapigwa roba. Kala kumbo, kala kipepsi cha taya. Kabwagwa chini, kapigwa mwereka wa haja. Supleksi iite supleksi, kwa sababu haina jina lingine, lakini kisha sema kilichotokea: kamnyanyua juu ya kichwa, kambwaga kwa mgongo. Mtazamaji mgeni atakuwa ameelewa na wa zamani hatachukia. Andika daftari la maneno haya, upande mmoja mbinu, upande wa pili njia tatu za kuisema, na uzisome mpaka zitoke zenyewe.

Kuhusu kusadikisha, mtafute Gordon Solie, aliyetangaza mieleka ya Florida kwa miaka mingi. Hakuwa na papara. Alisema kama msoma habari anayeeleza mchezo wa heshima, na kwa kuwa yeye aliuheshimu, anayemsikiliza naye aliuheshimu. Kila anayetazama leo anajua kwamba matokeo hupangwa. Hana haja ya kukumbushwa na wewe. Ukitania kwamba "ni maigizo tu", unamvua nguo mtu anayejirusha kutoka juu ya kamba kwa mgongo wake halisi.

Hatua ya 3: Sauti, na saa za mazoezi ambazo hakuna atakayeziona

Zima sauti ya mechi, washa kinasa sauti cha simu, tangaza. Utajisikia mjinga siku za kwanza, na jirani atakuuliza maswali. Endelea.

Usianze na kila kitu kwa pamoja. Wiki ya kwanza taja tu nani anafanya nini. Wiki ya pili usitaje tendo hata moja, eleza sababu tu: kwa nini anarudi kwenye goti lile, kwa nini refa anasita. Wiki ya tatu changanya, na ujilazimishe kukaa kimya sekunde tano kamili angalau mara nne katika mechi. Sekunde tano za kimya mezani ni ndefu kuliko unavyofikiri, na ndizo zinazofundisha zaidi.

Sikiliza rekodi kesho yake, siyo palepale. Palepale bado una joto, kila kitu kinasikika kizuri. Kesho utayasikia magonjwa yako. Kila mtangazaji mchanga ana neno lake la kujazia: "kabisa", "hatari", "jamani", "ebwana". Lihesabu. Mimi langu lilikuwa "angalia", nalo ni la aibu maradufu, kwani mtu alikuwa tayari anaangalia. Nililikuta mara 31 katika mechi moja ya dakika 12.

Gawa sauti yako kwenye ngazi kumi. Mazungumzo ya kawaida ya mechi yawe kwenye ya nne. Mashambulizi yakipamba moto, ya sita. Hesabu ya mbili na robo tatu, pale bega linapoinuka mkono wa refa ukiwa hewani kabla ya tatu inayomaliza mechi, ya nane. Kumi iwe mara moja kwa usiku, na kuna usiku isitumike kabisa. Ikumbuke Juni 28, 1998, mjini Pittsburgh, Undertaker alipomtupa Mankind kutoka juu ya kizimba cha chuma mpaka kwenye meza ya watangazaji. Watu bado wanaisikiliza sauti ya Jim Ross ya siku ile, na ukiisikiliza kwa makini utagundua kwamba haikuwa ya muuza onyesho. Ilikuwa ya mtu mwenye hofu, anayeomba mechi isimamishwe. Kama angekuwa amepiga kelele vile kwa kila kofi la usiku ule, nani angemsadiki?

Pumzi itoke tumboni. Ukiona mishipa ya shingo imetuna, unakwaruza koo, na koo hilo lina kipindi kingine wiki ijayo. Kunywa maji ya kawaida, siyo ya barafu. Pasha sauti moto kama mwimbaji anavyofanya, dakika kumi za mvumo wa midomo iliyofumba na maneno magumu ya kutamkwa haraka.

Hatua ya 4: Ingia kwa mlango wowote ulio wazi

Hakuna njia moja. Jim Ross aliwahi kuwa refa kabla ya kushika maiki. Michael Cole alikuwa mwandishi wa habari wa redio aliyewahi kuripoti vita vya Bosnia, akajiunga na WWF mwaka 1997. Tony Schiavone alitoka kwenye besiboli. Mauro Ranallo alianza kutangaza mieleka akiwa na umri wa miaka 16 nchini Canada, akapitia ngumi na mapigano mchanganyiko kabla ya kurudi. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa ameshaongea hewani saa nyingi sana kabla dunia haijamsikia.

Kwako, mlango wa kawaida ni onyesho dogo. Waandaaji wadogo wana uhaba wa watu: ulingo unafungwa na wapiganaji wenyewe, na video inakwenda mtandaoni bila utangazaji wowote. Nenda mapema, beba mbao, panga viti, fagia. Usiombe maiki siku ya kwanza. Siku ya tatu au ya nne mwombe mwandaaji video ya onyesho lililopita, ukaitangaze nyumbani, umpelekee. Hili la kuweka sauti baada ya mechi ni la kawaida sana kwa waandaaji wadogo, na kwako ni zawadi: ukikosea unarudia, na yeye hapotezi kitu kukujaribu.

Video yako ya mfano isizidi dakika tano. Weka dakika yako bora mwanzoni kabisa, usianze na muziki wala picha yako. Onyesha vipande vitatu: ufunguzi wa kipindi, katikati ya mechi iliyotulia, na mwisho wenye moto. Cha katikati ndicho kitakachokuuza, kwa kuwa kila mtu anajua kupiga kelele mwishoni. Ikiwa unao mwenzako wa kubishana naye, weka na hicho, mwajiri aone unajua kunyamaza mwingine anapoongea.

Mlango mwingine ambao watu hawauoni ni lugha. Kampuni kubwa hutangaza kwa lugha nyingi, na meza ya Kihispania ya WWE, ambako Carlos Cabrera na Hugo Savinovich walikaa miaka mingi, ikawa maarufu mpaka kuvunjika kwake kukawa mzaha wa kudumu. Watangazaji wengi wa lugha nyingine hufanya kazi studio, macho kwenye skrini, mbali na ulingo. Mtu aliyezoea kutangazia sebuleni tayari anayo nusu ya ujuzi huo.

Hatua ya 5: Maandalizi ya siku ya onyesho

Fika saa nyingi kabla. Tafuta karatasi ya ratiba: mechi zipi, kwa mpangilio gani, dakika ngapi, matangazo ya mdhamini yasomwe wapi. Kisha wazungukie wanamieleka mmoja mmoja. Jitambulishe, msalimie kila mtu kwa mkono, mkubwa na mdogo. Vyumba vya mieleka vina adabu zake na anayepita bila salamu hukumbukwa vibaya.

Muulize kila mmoja maswali manne. Jina lako linatamkwaje? Silaha yako ya mwisho inaitwaje? Leo unataka watu wakuoneje? Kuna jambo lolote nisilitaje? La mwisho lina maana kuliko linavyoonekana. Huenda ana jeraha la kweli asilotaka ligeuzwe hadithi, au jina la zamani aliloliacha.

Usidharau la kwanza pia. Katika onyesho langu la awali nililitamka vibaya jina la kijana mmoja usiku mzima. Baada ya mechi alikuja mezani akiwa bado anatokwa jasho, hakunigombeza. Alilitaja jina lake polepole mara tatu, akaondoka. Video ile ilikuwa ya kwanza aliyopanga kumtumia mwandaaji mkubwa, na ikabidi aitume bila sauti.

Je, ujue mshindi kabla? Mafundi wenyewe hawakubaliani. Ukijua, unaweza kupanda mbegu mapema na kuivuna mwishoni. Usipojua, mshangao wako ni wa kweli. Napendekeza ukiwa mchanga ujue mkondo wa hadithi na mambo ya hatari yaliyopangwa, kama meza itavunjwa na mtu ataangukia upande gani, lakini mshindi wa mechi za kawaida usimuulize. Sauti inayojua hujisaliti: huanza kumsifu mshindi dakika mbili kabla.

Andika kila mwanamieleka kwenye kadi moja ndogo, mistari mitano tu. Niliwahi kwenda na kurasa nne zilizojaa, nikamaliza wasifu wote kwenye mechi ya kwanza, nikabaki mkavu kufikia ya tatu.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Utavaa hedifoni yenye maiki. Sikioni mtasikika wewe, mwenzako, na mtu wa tatu: prodyuza. Atakuambia "sekunde thelathini twende matangazo" wakati unaongea, nawe uendelee kuongea kana kwamba hakuna aliyekusemesha. Hili jizoeze nyumbani: mwombe mtu akusomee gazeti sikioni huku ukitangaza mechi. Ni mateso, na hakuna njia ya mkato.

Tangaza kilichoko kwenye skrini iliyo mezani pako, hata kama macho yako yanaona kingine. Mtazamaji wa nyumbani haoni ulingo, anaona picha iliyochaguliwa na mwongozaji. Ukipiga kelele kuhusu kilichotokea kona ya mbali ambayo kamera haipo, umemfanya ahisi amenyimwa kitu.

Mwenye picha hahitaji kuambiwa kwamba mtu kapiga teke. Mwambie ambacho picha haionyeshi: hilo ndilo bega aliloteguka mwezi uliopita, huyu alimfundisha yule, mkanda huu umempita mara tatu. Katika mechi ya timu mkumbushe nani mwenye haki ya kucheza. Kwenye kabali ndefu, ambapo hakuna kinachotembea, ndipo uweke hadithi uliyoitunza. Pale mambo yanapokwenda mbio, fupisha sentensi mpaka ibaki neno moja.

Hesabu na refa, lakini usimtangulie. Moja, mbili, halafu funga mdomo. Bega likiinuka, mshangao ni wako na wa mtazamaji kwa wakati mmoja. Likikaa, taja jina la mshindi, taja alichoshinda, nyamaza. Acha muziki, acha kelele za ukumbi ziingie. Watangazaji wachanga huharibu picha nzuri zaidi ya usiku kwa kuisimulia.

Mwanamieleka akikosea, kama mguu umeteleza kwenye kamba au kuruka kumekwenda upogo, usidanganye kwamba haikutokea na usimcheke. Mtazamaji ameona. Ligeuze sehemu ya hadithi: goti lile lililopigwa tangu mwanzo limemwangusha. Sentensi moja kama hiyo inaweza kuokoa mechi nzima, na yule kijana atakuja kukushukuru koridoni.

Mwenzako mpe nafasi. Muulize maswali ambayo jibu lake linamfaa. Mkubaliane ishara ya mkono ya "niachie hii", kwa sababu kukatana maneno husikika vibaya nyumbani kuliko mnavyodhani mezani.

Na sauti ile ya sikioni? Ni bosi wako, itii, lakini ujue lawama zitakuja kwako. Januari 4, 1999, WCW, kampuni iliyoshindana na WWF, walikuwa hewani moja kwa moja huku kipindi cha wapinzani wao kikiwa kimerekodiwa kabla. Schiavone, kwa maagizo kutoka juu, aliwatangazia watazamaji kwamba Mick Foley, yuleyule Mankind wa Pittsburgh, angetwaa ubingwa kwenye chaneli ya pili, na kwa kejeli akasema hilo litajaza viti kweli. Watu wengi walihama chaneli kwenda kumtazama Foley akishinda. Maneno hayakuwa wazo lake, lakini sauti ilikuwa yake, na alitajwa nayo kwa miaka mingi.

Hatua ya 7: Kinapokuwa cha kweli

Jifunze ishara ya refa: mikono miwili iliyopishana juu kama herufi X. Maana yake mtu ameumia kwelikweli. Ukiiona, hadithi imesimama.

Mei 23, 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi alipokuwa anateremshwa kwa kamba. Jim Ross aliwaeleza watazamaji wa nyumbani kwamba hii siyo sehemu ya burudani, na baadaye usiku uleule ikamlazimu kutangaza kifo chake. Septemba 10, 2012, mjini Montreal, Jerry Lawler alipata mshtuko wa moyo akiwa kwenye kiti chake mezani. Michael Cole alibaki peke yake. Utangazaji wa mechi uliachwa. Cole alijitokeza mara chache kwa sauti ya chini, akaeleza kilichothibitishwa tu. Lawler alipona.

Yafanye makubaliano kabla ya onyesho, siyo wakati wa tukio. Nani atakuambia habari iliyothibitishwa? Neno gani la siri litamaanisha "hii ni kweli"? Likitokea, shusha sauti, acha majina ya utani, sema "tunasubiri taarifa". Usikisie jeraha, usitaje familia, usiombe picha irudiwe. Kama hujui la kusema, kimya kinatosha.

Hatua ya 8: Pesa na karatasi

Mwanzoni utalipwa nauli, au chakula, au shukrani. Kubali kwa muda, ila uwekee muda huo mwisho. Ukishakuwa na maonyesho kama kumi mtandaoni, omba malipo ya kila usiku, na uyapate kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu.

Swali kubwa kuliko kiasi ni hili: nani anamiliki sauti yako baada ya usiku huo? Ventura, yule wa meza ya 1985, alikuja kuishtaki kampuni yake ya zamani juu ya mirabaha ya kanda za video alizozitangaza, akashinda zaidi ya dola 800,000, na mahakama ya rufaa ikaubakiza uamuzi mwaka 1995. Alikuwa ameelezwa mambo yasiyo sahihi kuhusu sera ya kampuni. Kwa hiyo soma sehemu ya marudio, video na matumizi ya mtandaoni. Angalia kama unazuiwa kutangaza kwingine, jina unalotumia hewani ni la nani, na nani anagharamia matibabu mtu wa kilo 120 akikuangukia mezani. Hili la mwisho siyo utani. Mkataba mkubwa ukija, mlipe mwanasheria asome.

Wachache huishi kwa mieleka peke yake. Wengi huchanganya na redio, podikasti, kusoma matangazo ya biashara, ngumi au mpira. Mchanganyiko huo hukufaa hewani pia, kwani anayetangaza mchezo usio na mpangilio hujifunza kushangaa upya.

Tunza na kichwa. Ranallo amekuwa wazi kuhusu maradhi yake ya akili yanayopandisha na kushusha hisia, na Ross alipooza upande wa uso mara mbili katika miaka ya 1990 na bado akarudi kwenye maiki. Utasafiri usiku, utalala vibaya, na watu usiowajua watakuandikia kwamba unafaa kufukuzwa. Chagua watu wawili ambao maoni yao utayasikiliza, mmoja wa mezani na mmoja wa ulingoni. Wengine wapite.

Asubuhi baada ya onyesho lako la kwanza, sikiliza rekodi yote kabla hujaituma kwa yeyote. Andika makosa matatu, siyo kumi. Kisha watumie ujumbe wanamieleka wawili ambao mechi zao ulizitangaza, waulize kama ulisema walichotaka watu waone. Mmoja atakujibu "poa sana". Mwingine, ukibahatika, atakutumia sekunde kamili uliyoongea alipotaka unyamaze.